Naomba ushauri: shujaa wangu mwoga na joka mama

Habari zenu ndugu waandishi na wasomaji.

Naandika hadithi ya kubuni kwa vijana, ya safari na ucheshi. Shujaa ni mvulana anayeogopa hata moto wa jiko. Kwa makosa, anatumwa kumrudisha mtoto wa joka kwa mama yake mlimani. Sura sita za kwanza zimekwenda vizuri. Yule joka mdogo hupiga chafya za cheche kila akisikia uongo, na sehemu hiyo naipenda mno.

Nimekwama sura ya saba, wanapomkuta joka mama. Nikimfanya mkali kweli, ucheshi unakufa. Nikimlegeza, hatari inapotea, binti mmoja aliyenisomea rasimu aliniuliza, "Mbona haogopeshi?" Nilijaribu pia kumpa kijana upanga wa ajabu, nikaufuta, maana ushindi ulikuwa wa upanga, si wake.

Je, hofu na kicheko vinawezaje kukaa katika tukio moja? Na huyu kijana aushinde woga wake kwanza, au woga huohuo ndio umwokoe?

Natanguliza shukrani.