Mtoto ana mpira wa maji ya kichwani, sasa wanataka kumpanua fuvu. Kuna aliyepitia?

MamaZuu_UK
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 6, alizaliwa na kichwa maji akawekewa mpira wa kutoa maji kichwani kwenda tumboni akiwa mchanga, maisha yakaenda. Sasa tangu mwaka jana ni kichwa tu, akiamka asubuhi anashika kisogo analia, anatapika, ikifika mchana yuko fresh anacheza. Kila tukienda emajensi wanampiga sitiskani wanasema vyumba vya maji ndani ya ubongo ni vidogo, mpira unafanya kazi, mpeni panadol. Mpaka mtu wa macho alipomchungulia nyuma ya jicho akakuta mshipa wa fahamu wa jicho umevimba, ndo wakamlaza wakamwekea waya wa kupima presha ndani ya fuvu, usiku inapanda balaa. Tumepelekwa Birmingham, wanasema fuvu limekuwa dogo kwa ubongo wake, walipanue. Baba yake kashakubali, bibi yake kule Tanga kusikia tu kukata fuvu kakata simu. Nauliza, kwa nini wasibadilishe tu huo mpira?

Nesi_Neuro
Pole sana dada. Mimi nesi tu, daktari wenu ndo mwenye faili. Mtoto mdogo mifupa ya fuvu haijaungana, ina mishono, na kinachoisukuma itanuke ni ubongo na maji yake. Sasa mpira ukinyonya kupita kiasi, hasa akisimama maji yanavutika kwenda tumboni, ndani hakuna kinachosukuma, mishono inaweza kujifunga mapema na mfupa ukanenepa, huku ubongo bado unakua. Ndo maana skani inaonyesha vyumba vimebana kama uzi watu wanasema yuko salama, kumbe nafasi hamna.

Kuhusu mpira uko sahihi, huko ndo huanziwa: kuna valvu, kile kidude cha kwenye mpira kinachodhibiti maji, inayorekebishwa kwa sumaku bila kupasua, au wanaongeza kifaa cha kuzuia maji yasishuke kwa kasi akisimama. Waulize kama wamejaribu na ikawaje. Ila fuvu likishajifunga valvu haiongezi nafasi. Na msitegemee mpira utatolewa, wengi wanabaki nao.

Mzee_wa_Fact
Dada mlete Mbale Uganda, pale hospitali ya watoto ya CURE, Dokta Warf alikuwa anawatoboa watoto wenye kichwa maji kwa kamera na wengi hawakuhitaji mpira. Wazungu wanapenda visu tu.

Nesi_Neuro
Kaka, Warf mwenyewe ni Mmarekani 😂. Ile ya Mbale inatoboa njia ya maji ndani ya ubongo, imeokoa vichanga wengi sana, sibishi. Lakini huyu vyumba vimebana, hiyo kamera ipite wapi? Na hata ikipita mfupa haupanuki.

BabaPacha
Wetu alifanyiwa, ya kisogoni. Ubongo hawaugusi dada, mwambie bibi. Wanakata mfupa wa nyuma, wanafunga vyuma viwili vyenye skrubu, ncha zinatokeza nje ya ngozi, halafu mnazungusha kidogokidogo kila siku, kama milimita 1 hivi, mfupa unasogea na mpya unaota kwenye pengo. Nyumbani nilikuwa nazungusha mimi, bisibisi ndogo, mama yake kamshikia tableti ya katuni, unasikia "tik" mkononi. Kulala ndo kasheshe, chali hawezi. Vyuma vinakaa miezi mpaka mfupa ukaze, kisha wanarudi theatre kuvitoa, usafi wa zile ncha usicheze nao maana bakteria wanaingilia hapo. Wengine wanapanuliwa siku moja na kufungwa plati, bila vyuma vya nje, muulize wenu ni ipi.

MamaZuu_UK
Ahsanteni jamani. Valvu walishabadilisha, presha ikagoma kushuka. BabaPacha wananyoa kichwa chote? Ana rasta huyu na anazipenda.

BabaPacha
Wetu walinyoa mstari tu, sikio hadi sikio. Rasta ongea nao kabla ya siku yenyewe. Na ulizia damu, wetu aliongezewa, ni kawaida kwa opareshen hii. Macho nayo yapimwe tena sasa hivi kabla hamjapangiwa tarehe, ule mshipa ukizidi kuvimba wanawasogeza mbele kwenye foleni.