Matokeo ya shule ndogo ya msingi yasomwe vipi?

Swali: Katika shule ndogo ya umma, ufaulu wa hisabati wa darasa la nne umeshuka kutoka asilimia 75 hadi 60 ndani ya mwaka mmoja. Je, walimu wamelegea?

Jibu: Ikiwa darasa lina wanafunzi 20, tofauti hiyo ni watoto watatu tu, tena si watoto walewale wa mwaka jana. Tafadhali unganisha matokeo ya miaka mitatu kabla ya kumlaumu mwalimu yeyote.

Jibu: Nakubaliana, ila tazama pia ni akina nani waliohamia, kwa kuwa mtoto ambaye bado anajifunza lugha ya kufundishia anaweza kukosa swali la maelezo ilhali hesabu yenyewe anaimudu kabisa.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitaomba kuona maendeleo ya kila mtoto tangu darasa la tatu.