Waandishi, acheni kuficha steringi wenu mkiona adui amekuja

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa Mtwara mjini, upande wa Chikongola, nimekasirika na sina mpango wa kupoa leo.

Onyo kwanza: humu nitamwaga siri za muvi, sizoni na katuni nyingi. Kama bado unangoja kijana wa maktaba akujazie flashi, pita hivi, tusije tukalaumiana. Na mods (wasimamizi wa jukwaa), naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa kuulizana muvi kali za wiki. Haya ni malalamiko, yaacheni yasimame yenyewe.

Mwandishi anakaa peke yake na kalamu yake, hakuna aliyemshikia panga, anaumba mtu asiyegusika. Sizoni nzima anatusifia huyo mtu. Tunampenda, tunanunua bando kwa ajili yake, tunagombana vijiweni kwa ajili yake. Kisha adui mkubwa anatokea, mwandishi anapiga hesabu na kugundua kwamba kwa nguvu alizogawa mwenyewe, vita vitaisha kabla chai haijapoa. Sasa badala ya kuumiza kichwa, anamficha. Anamtuma sayari ya mbali. Anampa ugonjwa. Anampotezea kumbukumbu. Halafu waliobaki wanapigwa kama ngoma huku muziki wa huzuni unalia, na sisi tunatakiwa tutetemeke. Tutetemeke nini wakati tunajua nani angemaliza kazi?

Kocha anasajili mshambuliaji hatari, anamtembeza mji mzima watu wamwone, siku ya mechi pale Nangwanda Sijaona anamtuma akanunue maji. Timu ikifungwa anasema mpira ndivyo ulivyo. Angetoka salama uwanjani huyo?

Tuanze na Hulk, lile jitu la kijani la muvi za Marvel linalotoka ndani ya mwanasayansi Banner akikasirika. Mwaka 2012, Avengers ya kwanza, alimshika Loki akambamiza sakafuni huku na huku mpaka yule anayejiita mungu akabaki anakoroma kwa mbali. Kibanda kizima cha kuonyeshea muvi kilisimama. Mwaka 2018 ikaja Infinity War, dakika za mwanzo tu Thanos, adui mkuu, anamtwanga. Hapo sina neno, kupigwa si aibu, na ndipo tulipojua Thanos ni mtu wa namna gani. Lakini baada ya hapo jitu linagoma kutoka muvi nzima! Banner anajikamua, anabembeleza, anafoka, jibu ni hapana. Anaishia kuingia kwenye lile vazi la chuma la Tony Stark, yaani Iron Man. Nikasema haya, wanamtunzia kisasi. Endgame ya 2019 tunamkuta Hulk kavaa miwani, yuko mgahawani anakula na kupiga picha na watoto. Ugomvi wake na Banner, ambao ndio ulikuwa roho ya mhusika huyo tangu mwanzo, ulimalizwa nje ya kamera, sisi tukaja kusimuliwa mezani. Ndiyo, alivaa ile glavu ya mawe ya nguvu akarudisha watu waliofutwa na Thanos, mkono ukaungua. Asante. Mimi nilikuwa nasubiri ngumi.

Ile Infinity War niliirudia kibanda umiza cha Magomeni ya hapa Mtwara, msimu wa korosho, watu wana hela na mabenchi yamejaa. Kopi ilikuwa ya kutafsiriwa. Jamaa wa kutafsiri alipoona Hulk hatoki, akatunga la kwake: "Huyu amegoma, anadai hajalipwa ile kazi ya kwanza." Watu walivunjika mbavu. Mzee mmoja mbele yangu akasema huyo yuko sahihi kabisa, hata sisi hatupeleki mzigo wa pili ghalani hela ya kwanza haijaingia. Yaani mtu aliyekaa na maiki yake chumbani alimpa Hulk sababu yenye maana kuliko watu wanaolipwa kwa dola.

Captain Marvel, yule dada wa Marvel mwenye nguvu za kuruka angani, sitaki hata kumzungumza sana. Muvi yake imetoka Machi 2019, tukaambiwa huyu ndiye mwisho wa matatizo. Aprili hiyohiyo Endgame inatoka: anawarudisha Tony na mwenzake Nebula duniani, anashiriki ule msako wa mwanzo wa Thanos, halafu anasema sayari nyingine nazo zina shida na hazina watu kama ninyi, anaondoka. Anarudi mwishoni, anapita katikati ya meli ya Thanos inaanguka. Dada, ulikuwa wapi?

Na msije kunipa mfano wa Thor na Hulk kukosekana kwenye Civil War ya 2016. Huo nautetea. Walikuwa kwingine, na mwaka uliofuata Ragnarok ikatuonyesha walikuwa wapi na wanafanya nini. Kutokuwepo kwao kulikuwa na hadithi yake. Ninachokilalamikia mimi ni kutokuwepo kwa kumsaidia mwandishi tu.

Superman ndiye babu wa tatizo hili. Katoka mwaka 1938, na ilipofika 1943 kwenye mchezo wa redio ikabidi litafutwe jiwe la kumlegeza, kryptonite. Jiwe nalikubali, maana lina kanuni: likiwepo analegea, likiondolewa anasimama, na adui lazima alitafute. Sasa angalia Justice League ya 2017. Jamaa kauawa kwenye muvi iliyotangulia, wenzake wanahangaika na adui Steppenwolf, wanamfufua, anatoweka kwenda kwao shambani, pambano la mwisho linaanza hayupo. Akitokea tu, Steppenwolf anakuwa mtu wa kuchezewa. Wonder Woman, Aquaman na wengine wote walikuwa wanapasha benchi joto.

Wa rika langu mtakumbuka Goku, steringi wa katuni ya Dragon Ball. Saiyan wawili, wapiganaji wa anga za mbali, wametua, yeye yuko ahera anakimbia kwenye ile njia ya nyoka. Vita vya sayari ya Namek vimeanza, yeye yuko njiani ndani ya chombo anafanya mazoezi. Akafika, akapigana, akaingizwa kwenye tangi la matibabu wakati wenzake wanachakazwa na adui Frieza. Maroboti yakaja, moyo ukaugua. Mtindo mmoja, mara nne! Ila marehemu Toriyama, mtunzi wake, nitamtetea kidogo, maana kuchelewa kwa Goku kulikuwa na gharama. Mwenzake Piccolo alikufa kweli. Na kwa adui Cell, Goku alijiondoa mwenyewe ulingoni akamwachia mwanawe Gohan, na Gohan akamaliza kazi. Kilichoniuma ni baadaye: huyohuyo Gohan, tuliyeambiwa ana nguvu kumpita baba yake, miaka saba mbele tunamkuta mwanafunzi aliyelegea. Mnampandisha wenyewe, mnamshusha wenyewe.

Kuna sizoni moja ya zamani, Heroes, 2006 mpaka 2010, ile ya enzi za DVD zenye mafolda. Ile ndiyo chuo kikuu cha ufichaji. Hiro anasimamisha muda. Sasa mtu anayesimamisha muda atapigwa na nani? Basi sizoni ya pili wakamtupa Japani ya karne ya 17 akae huko na masamurai. Peter anachukua kila uwezo wa kila mtu anayekutana naye. Huyu wakampotezea kumbukumbu wakamtupa Ireland. Aliporudi, baba yake mzazi akamkumbatia akamnyonya nguvu zote. Kumbatio la baba! Najua kulikuwa na mgomo wa waandishi Marekani mwaka 2007 na ile sizoni ikakatishwa. Lakini Hiro alishatupwa Japani kabla ya mgomo.

Boruto sasa, katuni ya mtoto wa Naruto. Naruto tumekua naye, tumemwona analala njaa mpaka anakuwa Hokage, kiongozi wa kijiji chao. Ili mtoto apate nafasi, wamefanya hivi: Kurama, lile jini la mbweha lililompa Naruto nguvu, kafa kwenye pambano na adui Isshiki. Jicho la Sasuke, rafiki na mshindani wa Naruto, limechomwa kwa mkono wa Boruto mwenyewe akiwa ametawaliwa na adui Momoshiki. Bado hawajaridhika. Naruto na mkewe wakafungiwa na Kawaki, kijana waliyemlea, mahali ambapo muda hausogei. Na Sasuke, wakuu, Sasuke Uchiha kageuka mti. Mti! Angalau angekuwa mkorosho, Oktoba tungevuna.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nifungue uzi, maana mpwa wangu kafika huko juzi na alikuja nyumbani hajasema neno. Gojo Satoru wa Jujutsu Kaisen, mchawi mwenye nguvu kuliko wote humo.

Niseme haki kwanza. Kufungiwa kwa Gojo ndani ya kisanduku cha kichawi pale Shibuya, Tokyo, ni kazi safi. Adui hawakukutana naye kwa bahati, walijipanga. Walijua hapigiki, wakasema basi tumwondoe. Wakajaza watu wa kawaida kituoni ili asiweze kupigana kwa nafasi. Kile kisanduku kina masharti: lazima awe ndani ya mita nne kwa muda wa dakika moja, na dakika hiyo inahesabiwa ndani ya akili yake. Wakamletea sura ya rafiki yake aliyekufa. Akaduwaa, kumbukumbu za miaka zikapita kichwani, dakika ikatimia. Hapo nguvu zake hazikupunguzwa hata chembe. Alishindwa kwa sababu alimpenda mtu. Mwandishi aliyeandika hilo anajua kazi yake, na ndiyo maana hasira yangu ni kubwa zaidi.

Maana tulimsubiri. Sura zaidi ya mia moja za manga (kitabu cha katuni cha Kijapani) hayupo. Sura ya 221 anatoka, dunia ikashangilia. Anapigana na adui mkuu Sukuna, sura baada ya sura, na mwisho wa sura ya 235 watu wanaotazama pambano wanamtangaza mshindi. Unafungua 236, uko uwanja wa ndege, Gojo anaongea na marafiki zake waliokufa. Kisha kakatwa vipande viwili. Pigo lenyewe hatukuliona likirushwa! Tukaelezwa baadaye na muuaji kwamba nilifanya hivi na vile. Mtu uliyemjenga kwa miaka mitano unamuua katikati ya kurasa, tena kwa maelezo. Kumuua ni haki ya mwandishi. Ila muueni nikiwa naona.

Najua wapo watakaosema bila kumficha hadithi ingeisha mapema. Uongo. Mababu walisimulia watu wenye nguvu kupita kiasi na hawakuwatuma safari. Liyongo Fumo mkuki haumpati, mshale haumpati. Msimuliaji hakumwumiza tumbo siku ya vita. Alisema tangu mwanzo kwamba kipo kitu kimoja, sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo anaijua yeye mwenyewe na mama yake. Kuanzia hapo suala si nani ana nguvu, suala ni nani atamwamini. Akamwamini mwanawe wa kumzaa. Na hata baada ya kuchomwa, kapiga goti kisimani na upinde mkononi, watu walikaa na kiu kwa kuogopa kusogea, hawajui kama amekufa. Nguvu zote alikuwa nazo mpaka dakika ya mwisho, na bado hadithi inauma.

Wengine watasema gharama, kwamba mhusika wa kutengenezwa na kompyuta anakula hela, au mwigizaji mkataba wake ni wa siku chache. Sawa, inawezekana. Lakini katuni ya kuchora haina mkataba na Gojo, na kwenye manga Sasuke halipwi kwa siku.

Na tusiwacheke wa nje tu. Tamthilia zetu za hapa nyumbani zina yule mganga. Mnamjua. Mwanzoni anaangalia kwenye kibuyu anaona mpaka kilichofichwa chini ya kitanda cha mtu Dar. Tamthilia ikinoga, mtoto anaibiwa nyumba ya tatu kutoka kwake, mganga haoni kitu, anasema "giza ni nene". Giza lipi, mzee? Wiki iliyopita uliona!

NYONGEZA: Naona mmeshaanza. Mkuu uliyeniuliza kuhusu Saitama wa One Punch Man: huyo simo kwenye ugomvi naye. Anachelewa kila pambano, ndiyo, mara kapotea njia, mara kaenda kuwahi bei ya punguzo dukani. Lakini kichekesho chenyewe ni hicho, na shida yake ni kwamba akifika inaisha kwa ngumi moja na hasikii raha yoyote. Mwandishi kaitazama nguvu usoni.

Wewe wa Masasi uliyeandika kwamba Merlin, yule mchawi wa sizoni ya Merlin, naye alikuwa anafichwa, rudia kuangalia. Uchawi ulipigwa marufuku kwenye ufalme wa Camelot tangu sehemu ya kwanza, akionekana anauawa. Anajificha kwa sababu ya sheria ya mfalme. Ila zile za kugongwa kichwa na kuzimia kila anapokaribia kusaidia, hapo nakuunga mkono.

Na kijana unayenitukana kwa ajili ya Sasuke, matusi nimeyasoma. Nijibu swali moja tu: ule mti wamempangia kazi gani?