Sari ya Banarasi niliyozawadiwa: nitaijuaje kama ni ya mkono, na niivae vipi harusini?

BintiUpanga

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi ujao nimealikwa katika harusi ya binti wa familia ya Kigujarati ambayo tumeishi nayo jengo moja hapa Upanga, Dar es Salaam, tangu nikiwa mdogo. Mama wa bibi harusi, ambaye mimi humwita Masi, yaani dada wa mama kwa Kigujarati, amenizawadia sari ya hariri ya kijani iliyofumwa Varanasi, mji wa India uitwao pia Banaras, yenye maua madogo ya zari (nyuzi za rangi ya dhahabu au fedha) mwili mzima na mapambo mazito kwenye ile ncha inayotupwa begani. Ni nzito kuliko nilivyodhani, na nikiikunja hukaa imara kama karatasi ngumu. Fundi wangu ananishauri tuikate atoe gauni, kwa sababu sijawahi kuvaa sari maishani, lakini moyo unasita. Nitajuaje kama imefumwa kwa mkono? Na nikiamua kuivaa kama ilivyo, niivae vipi ili nimpe Masi heshima yake?

AliyesomaBanaras

Dada, nakusihi usiikate. Nilisoma Varanasi kwa miaka minne, na chumba nilichopanga kilikuwa karibu na karakana za Madanpura, mtaa ambao wafumaji wake wengi ni Waislamu wa jamii ya Ansari waliorithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Mfumaji huketi ukingoni mwa shimo lililochimbwa sakafuni, miguu ikikanyaga mikanyagio iliyo chini, na sari moja yenye nakshi nyingi huweza kumchukua miezi kadhaa.

Ili uijue kazi ya mkono, geuza kitambaa utazame upande wa ndani. Katika ufumaji uitwao kadhua, kila ua hufumwa peke yake kwa kibobini chake kidogo, na uzi wa zari hugeuka kwenye ukingo wa ua na kurudi. Kwa hiyo nyuma ya ua huwa safi, na kati ya ua na ua hukuti uzi unaoning'inia. Katika namna nyingine, uzi wa nakshi hupitishwa kutoka pindo hadi pindo, kisha sehemu zilizoachwa wazi nyuma hukatwa kwa mkasi, zikabaki ncha fupifupi kama manyoya. Namna hiyo nayo huweza kuwa ya mkono, ila kadhua hudai subira kubwa zaidi na bei yake hupanda kwa sababu hiyo. Halafu chunguza kingo za kitambaa kwa urefu wake wote: mara nyingi utaona vitundu vidogo vilivyoachwa na pini za kijiti kinachotanua kitambaa kisijikunyate mtandeni.

Tangu mwaka 2009 jina la sari na vitambaa vya zari vya Banaras linalindwa kisheria nchini India, likihusishwa na Varanasi na wilaya jirani kama Mirzapur, Bhadohi na Azamgarh. Ukikuta lebo ya Silk Mark, ielewe vizuri: inathibitisha kuwa hariri ni halisi, wala haisemi kama aliyefuma ni mtu au mashine.

FundiMombasa

Nakubaliana kabisa na aliyetangulia, na ninasema hivyo ingawa kukata na kushona ndiyo riziki yangu. Sari hii ina urefu wa kama mita tano na nusu, na uzuri wake wote umepangwa uonekane ikiwa imezungushwa mwilini. Ukiikata, ile ncha nzito haitakuwa na mahali pake.

Vaa gagulo la pamba lenye kamba imara, kwa maana satini huteleza na sari itakushuka kwa uzito wake. Viatu uvae kabla ya kuanza kujizungushia, vinginevyo pindo litakuwa fupi. Marinda ya mbele yawe matano au sita tu, mapana, kwa sababu kitambaa kizito kikikunjwa mara nyingi kinatuna tumboni. Kwa kuwa harusi ni ya Wagujarati, ningependa uivae kwa mtindo wao: ncha ipite mgongoni, ije mbele juu ya bega la kulia, itandazwe kifuani na kuchomekwa kiunoni upande wa kushoto. Hapo kazi ya mfumaji itaonekana yote mbele. Blauzi iwe ya rangi moja isiyo na nakshi, na pini usiichome kwenye zari; ichome kwenye hariri tupu, na chini yake uweke kipande kidogo cha kitambaa.

BintiUpanga

Nimeigeuza usiku huu chini ya taa. Nyuma ya kila ua ni safi, na vitundu vya pini vipo pande zote mbili! Nimemwambia fundi wangu anishonee blauzi na gagulo basi. Je, kijani hakina neno? Na manukato nayo?

BibiWaPangani

Kijani ni salama, mwanangu. Bibi harusi wa Kigujarati huvaa panetar, sari nyeupe yenye nyekundu anayopewa na mjomba wake, kwa hiyo hizo ndizo rangi za kumwachia yeye. Manukato jipake mwilini na uyaache yakauke kabla ya kuvaa. Mimi niliwahi kunyunyizia juu ya zari ya fedha halisi, na doa jeusi lililotokea halijatoka mpaka leo. Ukirudi, itandaze kivulini usiku kucha, usiifue nyumbani, kisha ifunge ndani ya shuka kuukuu la pamba, kamwe si mfuko wa plastiki. Kila baada ya miezi michache ikunjue na uikunje upya mahali pengine, kwa sababu zari hukatikia palepale penye kunjo la siku zote.