Mrejesho: kile kiwanja cha Gungu chenye watu ndani

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza kama ninunue kiwanja hapa Gungu, Kigoma, chenye hati ila kuna familia mbili zinaishi humo na muuzaji anasema "we lipa tu, hao nitawatoa". Asanteni sana, hasa mliosema hela isitoke kabla watu hawajatoka.

Nilifanya sachi ardhi (yaani kuangalia kwenye rekodi za ofisi ya ardhi mmiliki ni nani), jina ni la muuzaji kweli, halafu nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kuongea na wakaaji wenyewe, hili ndo lilinisaidia kuliko yote maana hati haikwambii nani analala pale. Familia moja kumbe wapangaji tu, wakapewa notisi wakahama fresh. Ya pili sasa, mzee anadai yupo tangu 2009, na wakili akanikumbusha ule ukomo wa miaka 12 wa mwenye ardhi kumdai kisheria mtu aliyeikalia, ikishapita hata mwenye hati anaweza kugonga mwamba. Baraza la kata walisuluhisha ikashindikana (siku hizi hawaamui), kesi iko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na mdai ni muuzaji, sio mimi.

Kwa hiyo kiwanja sijapata, ila advansi sijatoa hata mia.