Naomba ushauri: kongosho la mbwa wangu halitoi vimeng'enya

Wapendwa, nina German Shepherd wa miaka miwili. Anakula kuliko mbwa wote hapa nyumbani lakini mbavu zinahesabika, na kinyesi chake ni kingi, laini, kina mafuta. Daktari wa mifugo alipima damu, akasema kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha. Unga wa vimeng'enya siumudu. Nimeanza kumpa kongosho bichi la ng'ombe kutoka machinjioni, nalisaga na kulichanganya na wali na nyama isiyo na mafuta. Silipiki, maana moto unaharibu vimeng'enya. Kinyesi kimeanza kushika, namshukuru Mungu.

Aliyewahi kulea mbwa wa hivi, ulimpa gramu ngapi kila mlo? Ukiligandisha, linafaa kwa muda gani? Na sindano za vitamini B12 mlichoma kila wiki? Roho inaniuma kumwona anavyokonda huku sahani imejaa.