Lebo gani zinabanduka kirahisi kwenye chupa za bia ya nyumbani?

Mpishi_wa_Shayiri:
Wakuu, naomba msaada. Natengeneza bia nyumbani, chupa 40 kila mpiko, na chupa ni zilezile, zikiisha nazirudisha kazini. Jana nimekaa kwa saa 3 nikikwangua stika kwa kisu. Karatasi ya juu inachanika, chini inabaki gundi inayonata kama ulimbo. Kuacha lebo siwezi: nina bia 3 za rangi moja na mojawapo bado changa. Mgeni akipewa hiyo ambayo haijaiva, nitakuwa nimemkosea. Ipo lebo inayovumilia friji, halafu ikatoka yenyewe wakati wa kuosha?

Chachu_Hai:
Mkuu, tumia maziwa. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapia, paka maziwa upande wa nyuma kwa brashi, bandika kwenye chupa kavu, kisha kandamiza kwa kitambaa ukianzia katikati kwenda pembeni. Yasiyo na mafuta ndiyo mazuri zaidi. Kinachoshika ni kasini, protini ya maziwa. Hata viwandani gundi za kasini zimetumika sana kubandika lebo kwenye chupa za glasi. Siku ya kuosha, loweka kwenye maji ya uvuguvugu na lebo itateleza yenyewe. Usipake mengi, karatasi itajikunja. Na glasi iwe safi kabisa, isiwe na mafuta wala bia iliyofurika wakati wa kujaza.

Mpishi_wa_Shayiri:
Asante sana. Ila printa yangu ni ya wino wa maji. Chupa ikitoka jasho si maandishi yatachuja?

Chachu_Hai:
Yatachuja, ndiyo. Chapa kwa printa ya leza, au piga fotokopi: unga wake huyeyushwa kwa joto ukagandana na karatasi, maji hayauondoi. Penseli nayo haichuji. Angalizo moja: chupa inayokwenda kwenye ndoo ya barafu usiibandike kwa maziwa, itavuliwa nguo humo ndani. Hiyo ifungie kikaratasi kigumu shingoni kwa uzi.

Kifuniko_Bati:
Mimi lebo niliacha siku nyingi. Naandika kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kifuniko: herufi ya bia na tarehe ya kujaza. Kifuniko kikitupwa, kazi imeisha. Zawadi tu ndiyo naivalisha karatasi.

Hizo stika za zamani usizikwangue, ndugu yangu. Jaza chupa maji ya moto ya bomba, subiri gundi ilegee, uvute taratibu. Yanayochemka usiyamimine kwenye glasi baridi, itapasuka. Mabaki yapake mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, yaache kidogo, sugua. Kisha osha kwa sabuni na suuza mpaka uridhike, kwa sababu mafuta yakiingia ndani ya chupa yanaua povu la bia.

Mpishi_wa_Shayiri:
Nimerudi na majibu. Nilibandika chupa 6 kwa maziwa, zikalala kwenye friji. Lebo 5 zimetulia. Ya 6 imeinuka pembe, na nilipopapasa nikakuta pale pana gundi ya stika ya zamani. Moja nimeilowesha kwa majaribio, imetoka nzima bila kuchanika, na glasi haina hata alama. Sasa hivi naziandika 34 zilizobaki kwa penseli.